Adapta ya Mkalimani

"Ewe mashine, usinifie ugenini!"

Mkalimani aligeuka. Katika ukumbi ule wa uwanja wa ndege, uliojaa watu na mabegi ya kila ukubwa, hakutegemea kusikia Kiswahili, tena cha kugombeza laptopu. Akamwona binti: gauni la njano lililomkaa sawasawa, hereni kubwa za shaba, na mkononi plagi isiyoingia kwenye tundu lolote la ukuta ule.

"Dada, hata ukiisukuma kwa goti haiingii. Matundu ya nchi hii si kama ya kwetu."

"Na wewe ni fundi umeme?"

"Mkalimani. Nimekuja kutafsiri kwenye mkutano wa mabomba ya maji." Akatoa adapta mfukoni, akaichomeka. Laptopu ikawaka, na uso wa binti nao ukawaka.

Alikuwa fundi wa nguo. Michoro yake yote ilikuwa humo, na kesho yake asubuhi angewaonyesha wanunuzi kwenye maonyesho. Walikaa sakafuni wakisubiri chaji, wakacheka mpaka mlinzi akaanza kuwatazama. Basi la hoteli ya binti lilipofika, Mkalimani akamsukumia ile adapta.

"Ichukue."

"Na wewe je?"

"Ninayo nyingine begini."

Mwongo! Hakuwa nayo. Lakini mwanamume akishapenda, ulimi hutangulia akili. Tena simu yake aliiacha kwao, kwa fundi wa simu, kioo kimepasuka, kwa hiyo namba ya binti aliiandika kwenye laptopu yake mwenyewe, iliyobaki na chaji ya kuombea dua.

"Nitakupigia jioni, Fundi."

"Usipopiga nitajua una mke."

"Sina mke, nina mama tu."

Jioni ile simu haikulia. Wala jioni iliyofuata. Fundi aliuza nguo zake, akapongezwa, akatabasamu kwa meno tu. Dada yake mkubwa akampigia kutoka nyumbani.

"Mbona umepoa? Hawakununua?"

"Wamenunua. Ni mwanamume mmoja, dada. Aliniambia atapiga."

"Umemjua lini?"

"Juzi."

"Juzi, na leo umeshanuna? Makubwa!"

"Nampenda, dada. Kesho narudi, na hata hoteli yake siijui. Simpati tena."

Kesho yake alikuwa akifungasha magauni ukumbini alipomwona Mkalimani mlangoni: suti imekunjamana, tai imeenda upande, jasho linamtiririka, laptopu ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Moyo ulimruka, lakini akageuza uso.

"Kaka, nguo za kiume ziko ukumbi wa pili."

"Fundi, nisikilize."

"Nikusikilize leo? Si ulisema unayo nyingine begini? Ungepiga basi!"

"Hakukuwa na nyingine."

Fundi akaliweka mezani gauni alilokuwa akilikunja.

"Ilikuwa hiyo moja tu. Laptopu ilizima njiani, na namba yako imo humo. Hotelini hawana adapta, na mkutano unaanza maduka hayajafunguliwa, unaisha yameshafungwa. Hata maneno yangu ya kazi yamo humo. Jana nimesema 'kile kidude kinachozuia maji' mpaka wahandisi wakacheka. Leo nimetoroka, nazunguka kila jumba la maonyesho nikikuulizia."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ningesema kweli ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!" Alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. "Mjinga wewe! Nimeuza nguo kwa adapta yako, halafu nikakaa nakulaani!"

Akamnyang'anya laptopu, akaichomeka. Haikupata hata pumzi, ikaanza kuita. Uso wa mama mmoja aliyejifunga kitambaa ukajaa skrini nzima.

"Uko hai? Nimekupigia mpaka majirani wameanza kunipa pole!"

"Shikamoo, mama. Nilikosa chaji."

"Marahaba. Na huyo pembeni yako ni nani?"

Mkalimani akanyoosha tai. "Huyu... nataka awe mkwe wako, mama. Ila bado sijamwomba."

"Basi mwombe, nasikia!"

Akamgeukia. "Fundi, nataka kukuoa. Utakubali?"

"Usimjibu, mwanangu!" mama akadakia. "Huyo kaninyima usingizi. Mwache asubiri mpaka mrudi, naye aonje."

Fundi akainama mbele ya skrini kwa adabu zote. "Shikamoo, mama. Naomba unisamehe, hili siwezi kukutii. Mimi mwenyewe nimeshasubiri vya kutosha."