Kikohozi Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Keziah Pinnock alikunywa uji wa mahindi wenye maziwa na kungumanga, akasikiliza mahubiri mafupi kuhusu soksi zake, kisha akakaguliwa masikio. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ya Bibi Icilda, mtaa wa Handsworth, mjini Birmingham, Uingereza, na hakuna aliyewahi kukata rufaa akashinda.

Juma hilo sheria zililegea. Babu Everard, mume wa Bibi, alikuwa amefariki, na usiku wa tisa tangu kifo chake ulikaribia. Kwa Wajamaika, roho ya marehemu huzungukazunguka nyumbani mpaka usiku huo, ndugu na jirani wanapokusanyika kula, kuimba na kuiaga. Basi Bibi aligeuza kitanda na kuhamisha kabati, ili Everard akirudi asikitambue chumba. Alimsemesha pia, tena kwa sauti: "Everard, viatu nimempa mchungaji. Usije ukavitafuta!"

Sasa, Keziah alikuwa na kipaji ambacho walimu wake hawakukithamini ipasavyo: kuiga sauti za watu. Jumatano jioni alijibanza nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi, akakohoa kama Babu: mara mbili kavukavu, ya tatu yenye mluzi. Alitarajia ukelele, kisha kicheko. Badala yake Bibi akasema polepole, "Umekuja, mpenzi? Keti basi."

Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Keziah hakuwa ameisikia tangu msiba uingie. Akanyata kwenda zake. Alijiambia kwamba kukiri sasa kungekuwa ukatili. Kwa kweli aliogopa kupigwa mwiko.

Kesho yake alasiri, Dokta Fairclough alikuja kumpima Bibi shinikizo la damu, wakakaa jikoni. Alikuwa kijana mpole, mwenye haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Akauliza kwa nini kitanda, alichokiona akipita, kimeziba dirisha. Bibi, asiyejua kusema uongo hata kwa wakusanya kodi, akamweleza.

"Kwa hiyo unamsikia marehemu?"

"Jana amekohoa, mwanangu. Nikamkaribisha kiti."

"Na unamjibu?"

"Nimemjibu ndoa nzima! Leo ninyamaze kwa nini?" Bibi akacheka kwa kishindo na kupiga meza. Dokta akasogeza kiti chake nyuma.

Alitoka jikoni kwenda ukumbini, akapiga simu hospitali. Keziah alikuwa kwenye ngazi, amekauka kama sanamu. "Ndiyo, mama mweusi, mtu mzima," Dokta alisema. "Anasikia sauti, amevuruga chumba, ana jazba. Nadhani ni ugonjwa mkubwa wa akili. Leteni gari leo, alazwe."

Keziah akashuka ngazi. Kijana mmoja wa kanisani kwao aliwahi kubandikwa jina hilo kwa haraka namna hiyo. Tangu siku hiyo, hata akienda kwa maumivu ya jino, swali la kwanza ni kama amemeza dawa zake za akili.

"Dokta," alisema, "ni mimi niliyekohoa."

"Unasemaje?"

Keziah akakohoa: mara mbili kavukavu, ya tatu yenye mluzi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bibi alisimama pale, uso unang'aa. Kisha akaona kikohozi kilikotoka, na ule mng'ao ukamtoka taratibu. Keziah angependa kupigwa mwiko kuliko kuuona uso ule.

Dokta alijikuna shingo. "Sawa. Lakini bado anaongea na mtu asiyekuwepo."

"Hata Bi. Hodgetts, yule mama mzungu hapo jirani!" Keziah alisema. "Kila Jumapili anamsomea marehemu mumewe matokeo ya mpira, bustanini. Alikwambia kliniki, nikiwa nimembebea kikapu. Ukamwambia ni majonzi, anywe chai na rafiki. Mbona Bibi yangu aitiwe gari?"

 Dokta alitafuta tofauti kati ya wajane hao wawili, na ile aliyoipata ikayafanya masikio yake kuwa mekundu. Akapiga simu tena. "Msilete gari. Sijauliza vya kutosha."

Safari hii alikaa. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, na usiku wa tisa. Akauliza kama Everard humwamuru Bibi kufanya jambo lolote baya.

"Everard? Akiwa hai hakuweza kuniamuru hata nifunge dirisha!"

Dokta akacheka. "Ni majonzi, Mama Pinnock, na kukosa usingizi. Nisamehe. Wapo wanaougua akili kweli, nao wanastahili matibabu na heshima. Lakini mimi nilikuamulia kabla ya kukuuliza."

Alipoondoka, Bibi alimpa Keziah kisu na beseni la samaki wa wageni, awatoe magamba. 

"Umenifanya nifiwe mara ya pili," Bibi alisema.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Wewe ulidanganya. Dokta naye alinitazama rangi na kelele, akadhani amenijua. Mambo hayo mawili yakikutana, mtu anaweza kupotezwa akiwa nyumbani kwake. Uongo dawa yake ni kusema kweli, hata ikiuma. Dhana dawa yake ni kuuliza, hata kama una haraka. Leo wewe umesema, naye ameuliza, ndiyo maana usiku nitalala hapa, si hospitalini. Haya, angalia na mapezi, hapo umeacha magamba. Dokta nimemwalika usiku wa tisa, na hajazoea samaki wetu."