Usiku wa Ijumaa Uliompita Mke Wangu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, Msukuma wa Shinyanga, mgane, baba wa binti mmoja. Hili ninaloliandika sijamwambia hata padri. Nimelibeba miaka sita, wasomaji wenzangu... limenichosha!

Wakati huo nilikuwa karani wa saa katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Kazi yangu ilikuwa kupiga kengele za zamu na kuandika nani kaingia shimoni na nani katoka. Nilikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Watu wazima walinisimamisha njiani, "Karani, saa ngapi sasa?" nami nikijibu nimevimba kichwa. Nani angenifundisha mimi mambo ya saa na siku?

Mke wangu, Nyamizi, alikaa Shinyanga mjini na binti yetu Kabula. Alikuwa yaya nyumbani kwa Bwana Gulamu, mwenye duka la vitambaa, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa Bagamoyo. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa. Nyamizi alimlelea watoto watatu, na wote walimwita mama.

Kisha Nyamizi akaanza kuishiwa pumzi. Akiteka ndoo moja ya maji, anakaa chini. Akipanda ngazi tatu, midomo inageuka rangi. Tukampeleka hospitali ya Kolandoto, na daktari wa misheni akatuambia kweli: mlango mmoja wa moyo umebana, damu haipiti. Dawa ingemsogeza siku tu. Alihitaji kupasuliwa, na wa kumpasua alikuwa Bombay.

Bombay! Mimi hata Dar es Salaam nilikuwa sijafika.

Bwana Gulamu hakunyamaza. Yeye na mkewe walikuwa wanakwenda Bombay kumwona mama yake mzee. Akasema watakwenda na Nyamizi, nauli juu yake, na watakaa naye hospitali mpaka apone. Ndege ingeruka Dar es Salaam usiku, itue Aden kutia mafuta, na kesho yake wawe Bombay. Nililia mbele yake kama mtoto.

Nikaomba ruhusa mgodini, na mipango yote nikaitaka iwe mikononi mwangu. Nilichukua karatasi ya zamu, nikapiga mistari kwa rula: siku ya kupiga picha ya pasi, siku ya chanjo ya ndui, siku ya kununua blanketi kwa ajili ya baridi ya juu. Bwana Gulamu alitangulia Dar es Salaam kushughulikia tiketi. Baada ya siku chache ikaja simu yake ya maandishi: NDEGE USIKU WA IJUMAA. TIKETI NINAZO. MSICHELEWE.

Treni zilikuwa mbili. Ya Jumatatu ingetufikisha Jumatano. Ya Jumatano ingetufikisha Ijumaa asubuhi. Mimi nikachagua ya Jumatano... na mjue sababu! Nilikuwa nimeshonesha suti, na fundi alisema itakuwa tayari Jumanne. Nilitaka nionekane mtu katika uwanja wa ndege. Mke anapigania pumzi, mume anangoja suti!

Jirani yetu Bi. Mwanaidi, mama wa pwani, mzaliwa wa Pangani, aliyekuwa akiuza vitumbua, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaomba nimsomee ile simu. Nikamsomea. Akashtuka.

"Mwanangu, usiku wa Ijumaa si ndiyo Alhamisi jua likishakuchwa? Usiku hutangulia, mchana hufuata. Pandeni treni ya Jumatatu!"

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka mpaka nikafuta machozi. Mgodini zamu ya usiku ya Ijumaa huingia Ijumaa jioni, nami ndiye niliyeiandika miaka tisa. Nikamwambia, "Bibi, hizo ni hesabu za msikitini. Eropleni inaendeshwa na Wazungu."

Nyamizi alikuwa kalala mkekani. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Kabula, twende mapema. Kungoja nitaweza. Kukimbia ndiko siwezi."

Nikamjibu, "Mama Kabula, wewe pumzika. Habari ya siku niachie mimi."

Naye akaniachia. Kabula tukamwacha kwa babu yake, baba yake Nyamizi, tukapanda treni ya Jumatano, mimi na suti yangu. Ijumaa asubuhi tulishuka Dar es Salaam, tukaenda moja kwa moja kwa shemeji yake Bwana Gulamu tuliyeelekezwa. Yule bwana alipofungua mlango alishika kichwa.

"Mlikuwa wapi nyinyi? Gulamu amesimama uwanjani jana mpaka mlango wa ndege ukafungwa! Amemsihi Mzungu wa tiketi mpaka akafukuzwa!"

Nikapiga kelele kwamba simu ilisema Ijumaa.

"Ilisema usiku wa Ijumaa," akanijibu taratibu. "Ndio jana."

Nyamizi alikuwa kakaa kwenye ngazi, anahema, na alisikia kila neno. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kuna ndege nyingine. Ya wiki ile iliyofuata ilikuwa imejaa. Ya wiki ya pili ilikuwa na nafasi moja, na Bwana Gulamu akailipia kwa simu kutoka huko huko Bombay.

Siku kumi na tatu za kungoja! Joto la Dar es Salaam lilimkaba. Alilala ameketi, mgongo ukutani, nami nikimpepea kwa kawa. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, alinishika mkono akasema, "Kabula akiuliza jambo, usimcheke." Hakusema tena. Pasi yake ya safari ilikuwa chini ya mto, haijagongwa muhuri hata mmoja.

Hapo ningetubu, ningekuwa mjinga tu. Lakini nilifanya jambo baya zaidi... Nilipofika kwa wakwe, baba mkwe aliniuliza mbele ya ukoo mzima, "Mkwilima wangu, mwanangu kafaje?" Nikawatazama watu wale wote. Nikasema, "Yule Mhindi alitupa siku ya uongo akatutoroka."

Niliyasema kwa kinywa changu hiki!

Bwana Gulamu aliporudi alikuja kuhani, yeye na mkewe, mama wa watu analia njia nzima. Baba mkwe alikataa mkono wake. Wanawake wakamzomea, akaitwa muuaji. Bwana Gulamu alinitazama. Nilitazama chini. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Baada ya miezi alifunga duka akarudi Bagamoyo, na mpaka leo Shinyanga jina lake ni tusi.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Ukiambiwa siku, uliza ni siku kwa hesabu ya nani. Mzee akikuonya, usimcheke kwa sababu wewe una saa mfukoni na yeye ana kawa la vitumbua. Na ukikosea, kosa lako libebe mwenyewe. Nawasihi msipite nilikopita mimi!

Nimemwandikia Bwana Gulamu mara mbili, hajanijibu, wala simlaumu. Kwa baba mkwe nimekwenda mara nyingi nikiwa na neno hili mdomoni, nikarudi nalo. Yeye hajui kusoma. Gazeti hili likifika, mjukuu wake anayeishi naye ndiye humsomea kwa sauti, toka mwanzo hata mwisho.

Kabula, mwanangu, najua umeshafika hapa na sauti imekukwama. Usiruke mstari. Msomee babu yako: Bwana Gulamu hakutudanganya. Aliyewadanganya ni baba yako.