Leminesheni ya Toleo la Saba

Siku ya mnada Masumbwe, mtu mwenye akili zake ananusa sambusa. Ayubu Maige alinusa karatasi.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkaanga sambusa mmoja, katikati ya wauza ng'ombe na wachimbaji waliotoka kwenye maduara ya dhahabu wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, na spika ya muuza dawa ya panya inarudia maneno yale yale tangu asubuhi. Mkononi alikuwa na sambusa mbili za nyama, za moto. Akazitoa, akaziweka mezani kama maganda ya ndizi, akaikunjua ile karatasi iliyozifunga, akaileta puani, akafumba macho.

Mwenye meza alimtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, gauni la kitenge cha njano, mikono ya puto, kilemba amekilaza upande kama kofia ya askari.

"Kaka," alisema, "sambusa ni hizo ulizoziweka chini."

"Naziona."

"Maana naona unakula kwa pua."

Meza ya pili, Philomena muuza mchele alijisogeza. "Zamoyoni, angalia vizuri. Huyo ni Bwana Afya. Wananusa hivyo hivyo kabla hawajakufungia biashara."

Zamoyoni akanyooka kama amepigwa shoti. "Shikamoo, Bwana Afya. Mafuta ni ya leo, nyama ni ya leo, hata mimi nimeoga leo."

"Mimi si Bwana Afya," alisema Ayubu, na ili kuthibitisha akatoa mfukoni lenzi ndogo na glavu nyeupe. Philomena alianza kufunga magunia yake. "Dada, hii karatasi umeitoa wapi?"

Ilikuwa ukurasa wa katuni. Ayubu alikuwa na chumba kimoja Kahama, nyuma ya duka la simu, na kazi yake ilikuwa kuyasaka majarida ya zamani ya vichekesho, kuyapima ubora na kuwauzia watu wa Dar wanaoyatunza kama wengine wanavyotunza dhahabu. Na huu ukurasa ulitoka kwenye jarida la Mbavu Zangu, lililokufa kabla yeye hajazaliwa.

"Hii ni mtindi," alisema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

"Ni nyama na vitunguu."

"Karatasi, dada. Karatasi ya gazeti inazaliwa nyeupe. Ikikaa inakuwa maziwa, halafu mtindi, halafu chai ya maziwa, halafu chai ya rangi. Mwisho ugoro. Ikifika ugoro, ukikunja pembe inakatika kama kaukau. Hii ina miaka arobaini na bado ni mtindi. Na hainuki siki. Karatasi inayojila yenyewe inanuka siki. Hii inanuka..." Akanusa tena. "Tumbaku."

Zamoyoni akacheka hadi kilemba kikahama. "Babu yangu alilima tumbaku Ushetu. Vikaragosi vyake alivitia kwenye sanduku la bati, akavitandikia majani makavu ili wadudu wasile. Sanduku liko kwa bibi. Majarida haya matatu nilikuja nayo ya kufungia."

Ayubu alishika ukingo wa meza. "Umewafungia watu wangapi?"

"Leo? Mnada mzima."

Mchana ule watu wa Masumbwe walimwona mtu mzima, amevaa shati la kudariziwa na glavu, akiwafuata walaji wa sambusa mmoja mmoja na kuwaomba karatasi. Mchunga ng'ombe mmoja alimpa ya kwake, akamwongezea na sambusa iliyobaki. "Chukua bhabha," alimwambia kwa huruma. "Dunia hii ina tabu."

Ndivyo ilivyoanza.

Kila siku ya mnada Ayubu alifika Masumbwe, na kila siku ya mnada Zamoyoni alimletea matoleo mawili kutoka Ushetu. Sanduku zima lingeweza kuja kwa safari moja ya bodaboda. Ayubu, fundi wa kuona kutu ya pini ndogo kama mbegu ya ufuta, hilo hakuliona.

Akamfundisha kazi. Alimwonyesha kuwa ukurasa wa kati ndio unaosema kweli, kwa sababu hewa huanza kula pembeni. Na kwamba karatasi huangaliwa kwa mwanga wa ubavuni, maana ukiitazama uso kwa uso inakudanganya. Zamoyoni alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akafumba macho na kunyoosha mkono.

"Nipe moja."

Akampa. Akaisugua kati ya kidole gumba na shahada, mara moja tu.

"Chai ya maziwa. Imewahi kuloa, ikakaushwa juani."

Ilikuwa hivyo hivyo. Ayubu akampa ya pili, ya tatu. Hakukosea hata moja.

"Nimechambua madaraja ya tumbaku tangu nina miaka saba," alisema, macho bado yamefumbwa. "Jani kavu, jani bichi, jani la mwizi aliyeliloweka ili lizidi uzito. Vidole hivi vilikosea mara moja tu, kwa mume."

"Alikuwaje?"

"Broka wa dhahabu, Runzewe. Juu nyeupe, katikati ugoro."

Siku ambazo hazikuwa za mnada waliongea kwa simu.

"Bwana Afya, umekula?"

"Nimekula. Wali na maharage."

"Maharage yana rangi gani?"

"Chai ya rangi."

"Basi yamezeeka, yatupe. Kesho kutwa uje ule ya kwangu."

Ni kwenye simu hizo ndipo alipomweleza habari ya toleo la saba. Marehemu baba yake, Mzee Maige, alisema maisha yake yote kwamba barua yake iliwahi kuchapishwa kwenye Mbavu Zangu, toleo la saba, ukurasa wa barua za wasomaji. Hakuwa na nakala. Ndugu zake Runzewe walimcheka mpaka wakampa jina la Gazetini. Gazetini kaja, Gazetini kaondoka. Hata msibani mtu alisema, hapa amelala Gazetini, na watu wakacheka kwenye viganja. Ayubu alikuwa hapo.

"Nimelitafuta miaka kumi," alisema. "Wanaonunua wanadhani nakusanya. Mimi natafuta ukurasa mmoja tu."

"Mpenzi," alisema Zamoyoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nitaangalia chini kabisa ya sanduku."

Wiki mbili baadaye akampigia. "Ijumaa njoo. Vaa vizuri. Usiniulize kitu."

Ayubu alinunua shati jipya la bluu. Alinyoa. Alifika Masumbwe amejinyoosha kama noti iliyotoka benki, akamkuta Zamoyoni amevaa gauni la zambarau, wanja umekaa, na nyuma yake Philomena ameacha wateja ili asipitwe.

"Nililikuta chini kabisa," alisema Zamoyoni. "Lilikuwa chai ya rangi, pembe zinaanza kukatika. Nikasema likishikwa mara kumi litakuwa unga, na huyu mtu kalitafuta miaka kumi. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa hivyo hivyo, nikakipeleka kwa Edson wa steshenari, mpaka leo hata kikianguka kwenye mchuzi nafuta tu. Basi." Akaweka mezani furushi lililofungwa kwa utepe mwekundu.

Ayubu akafungua.

Toleo la saba la Mbavu Zangu lilikuwa pale, lote. Pini zilikuwa zimetolewa. Kurasa zilikuwa zimekatwa kwenye mgongo kwa mkasi, zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na kila karatasi ilikuwa ndani ya leminesheni yake, ngumu, inang'aa, imezungushwa kona ili isichome.

Ayubu alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi ya juu. Muuza dawa ya panya aliendelea kwenye spika yake.

"Geuza," Zamoyoni alimwambia taratibu. "Barua ziko nyuma kidogo."

"Umelipika," alisema Ayubu.

"Nini?"

"Mashine ya Edson inayeyusha gundi. Gundi ikishaingia kwenye nyuzi za karatasi haitoki mpaka kiama. Na mkasi. Na pasi, Zamoyoni, pasi." Alikuwa akigeuza zile karatasi moja moja, akiangalia kingo, bila kusoma hata neno. "Hii si ugoro. Ugoro ni daraja. Hii haina daraja."

Philomena alisema, "Mama yangu," akarudi kwenye mchele wake.

Zamoyoni akanyoosha mkono, akamnyang'anya zile karatasi, akazifunga tena kwenye utepe, bila haraka. "Nimelala safarini siku mbili," alisema. "Nimemwamsha bibi wa miaka themanini anisaidie kuinua sanduku. Sasa nenda, kaka. Kaoe karatasi. Chagua nyeupe, ambayo haijashikwa na mtu. Mimi nimeshashikwa, nina mikunjo."

Kaka. Neno lile lilimchoma kuliko yote.

Alirudi Kahama. Haukupita mlo mmoja bila yeye kupiga simu. Siku ya kwanza haikupokelewa. Ya pili Zamoyoni alisema, "Sambusa zimeisha," akakata. Ya nne alipokea Philomena.

"Mwenye simu hayupo. Ameniambia nikwambie hayupo, na nisikwambie kwamba amekaa hapa anasikiliza."

"Mwambie naomba radhi."

Kukawa na mnong'ono. "Anauliza, unamwomba yeye au unaliomba jarida?"

Ayubu, mjinga kwa kusomea, alifikiri kabla ya kujibu. Simu ikakatwa.

Jumapili mchana, amekaa na lenzi mbele ya jarida ambalo hakuwa analiona, simu iliita. Ilikuwa yeye. Hakusalimia. Alianza kusoma, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

"'Ndugu Mhariri. Mimi ni kibarua wa pamba hapa Runzewe. Kila jioni napita kwa binti mmoja anayeuza maandazi. Nimeyanunua mpaka suruali hainifungi. Tatizo ni kwamba nikimwona naongelea maandazi tu: yameiva, hayajaiva, sukari imezidi. Nikirudi nyumbani najipiga kichwa. Naomba ushauri. Maige, Runzewe.'"

Ayubu aliweka lenzi chini. Mama yake aliuza maandazi Runzewe miaka ishirini.

"Kuna na jibu la mhariri," alisema Zamoyoni. "Nisome?"

"Soma."

"'Ndugu Maige. Andazi haliolewi. Kesho ulimeze kwanza, useme jina la binti, kisha uendelee kutoka hapo.'" Ikasikika plastiki ikiwekwa mezani. "Hakuwa mwongo, baba yako. Nimeona nikwambie. Haya, siku njema."

Akakata.

Ayubu alifika Masumbwe kesho yake, siku isiyo ya mnada, uwanja umebaki na mavi ya ng'ombe na kunguru. Alikuwa na shati lile lile la bluu. Akanunua sambusa. Akaila yote, amesimama, mpaka ikaisha. Akafuta vidole.

"Zamoyoni."

"Abee."

Philomena alisubiri, akachoka. "Jina ameshalisema. Jibu la mhariri linasema uendelee kutoka hapo."

"Lile jarida umeliua," alisema Ayubu.

Zamoyoni aliinua kijiko cha mafuta. "Umetoka Kahama kuja kuniambia hivyo?"

"Nimeanza na hilo ili ujue leo sidanganyi, na linalofuata uliamini. Nilishika kitu nilichokitafuta miaka kumi, nikaangalia kingo. Wewe ndiye uliyesoma. Ningelipata zima, jeupe kama maziwa, ningelifungia gizani, na baba angeendelea kuitwa Gazetini." Akasogea hatua moja karibu na meza. "Jumamosi nalipeleka kwa baba zangu wadogo, walishike wote na mikono yao ya ugali. Nataka twende wote. Nataka wakiuliza huyu ni nani, niwe na jibu."

"Jibu gani?"

"Ukifunga ndoa wanakupa cheti. Nimeviona vile vyeti. Karatasi yake mbovu, miaka mitano tu ni chai ya maziwa. Nilitaka kujua, cha kwetu tutakitunza vipi."

Zamoyoni alishusha kijiko. Alichukua muda kurekebisha kilemba kisichokuwa na kasoro yoyote. "Nimeshajifunza," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakiweka kwenye sanduku la babu. Pakavu, gizani, na majani ya tumbaku."

"Hapana," alisema Ayubu. Jasho lilikuwa linamtoka. "Leminesheni."

"Wewe?"

"Leminesheni."

"Pande zote mbili?"

Alifumba macho, kama siku ile ya kwanza. "Pande zote mbili."

Philomena alikuwa ameshampigia Edson, kumwambia aache mashine inachemka.