Mwenzake Nyasuguta

Uji ulikuwa pale pale Gesare alipouacha jana, umefanya ngozi juu, na mama yake akasema ameshiba.

"Umeshiba nini, Mama?"

"Ugali. Laini kuliko wako. Yule mama ana mkono mzuri."

Gesare akatazama chumba chote. Hakukuwa na yule mama.

Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Nyasuguta, mama yake Gesare, alikuwa mjane, kipofu, na hakuzaa mtoto wa kiume. Kwa Abagusii, watu wa Kisii, ni mwiko mama mkwe kulala katika boma la mkwewe. Afadhali alale na ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wawe wa mtu mwingine. Kwa hiyo Mayaka, mume wa Gesare, mtu wa kanisa aliyeogopa midomo ya majirani kuliko Mungu, alikodi chumba mjini Migori, nyuma ya duka la Sainab, mjane wa Kiislamu aliyeuza vitambaa. Wakatafuta mtu wa kukaa na mzee. Hawakupata. Kila waliyemwomba alikuwa na mzee wake mwenyewe wa kumkimbia.

Siku ya kumleta, Nyasuguta alikataa kuachia mkono wa binti yake. Gesare alikuwa amechoka, na nyumbani watu wanangoja chakula. Akaigeukia kona tupu.

"Mama, mwenzako huyu hapa. Atakulisha, atakushika mkono." Na ili uongo ukae vizuri, akaisalimu kona. "Karibu. Nakuachia mama yangu."

Mzee akanyoosha mkono. Ukabaki hewani, vidole vimekunjwa, kama umeshikwa. Gesare aliuona, akatoka haraka.

Sasa akainama kumwangalia mama yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Pembeni mwa midomo kulikuwa na kitu cha kijivu. Akakipangusa kwa kidole, akanusa. Majivu, yenye harufu ya moto uliomwagiwa maji.

Sainab alimvuta uani. Alinong'ona, ingawa jua lilikuwa juu ya vichwa vyao.

"Mwanangu, nasikia mwiko ukikwangua sufuria humo mchana kutwa, na humo hamna sufuria. Ulisema nini siku ulipomleta?"

Gesare akamwambia.

"Basi ulimkaribisha, ukampa na kazi. Huyo ni jini, na kazi haachi. Anamlisha anachokula yeye. Mama yako atakufa ameshiba."

"Mfukuze, Mama Sainab."

"Nitasoma Kurani. Lakini aliyemkaribisha ndiye amuage, kisha yeye mwenyewe akae mahali pa huyo jini. Pakibaki wazi, atarudi."

Nyumbani Mayaka alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Basi tumlete hapa," Gesare akasema.

"Mama mkwe hapa? Mimi nitapitisha macho wapi?"

"Basi nakwenda kulala kwake."

"Na mimi nani atanipikia?"

Gesare alikuwa mlangoni, nguo zake zimefungwa kwenye leso. Hakugeuka.

"Atakuja mtu," akasema kwa hasira. "Atakuja mtu akulishe."

Alasiri ile Sainab alifukiza ubani akaanza kusoma, na Gesare akaushika ule mkono wa mama yake uliokuwa hewani, na kati ya kiganja chake na cha mama yake akakuta kiganja cha tatu, chembamba, kibichi kama udongo wa kisimani, ambacho hakikushtuka wala hakikujiondoa, bali kilizungusha vidole polepole juu ya vidole vyake kama mtu anayepima pete, mpaka Gesare akapata ulimi, akasema, "Asante, kazi yako imekwisha, mwenye mama amekuja," na hapo zikasikika nyayo tupu zikivuka sakafu, zikipita karibu na Sainab hata mtandio wake ukayumba pasipo upepo, zikatoka uani bila kukimbia, kama za mtu aliyeitwa kwingine.

Nyasuguta akalia. "Umemfukuza. Yeye hakuwa akinigombeza." Lakini jioni alikunywa uji wote, akalalamika kuwa una madonge, na Gesare akashukuru.

Siku ya soko Mayaka akaja na kuku. Alisimama nje, mbali na mlango, kama inavyompasa mkwe. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja kukushukuru," akamwambia mkewe.

"Kwa lipi?"

"Kwa yule mama uliyemtuma. Hasemi sana. Lakini ugali wake..." Akatafuta neno. "Laini."

Akapangusa midomo kwa mkono ulioshika kuku, na mgongo wa mkono ukawa wa kijivu.

Ndani, Nyasuguta aliinua uso, akanusa hewa.

"Gesare," akaita kwa furaha. "Mkaribishe ndani."

"Mkwe wako, Mama? Ni mwiko."

"Mkwe akae huko huko. Namsema huyo aliyemshika mkono."

Gesare akautazama mkono wa pili wa mumewe. Ulikuwa hewani, vidole vimekunjwa.