Mume Wangu Alikataa Kusema Kwamba Sina Kazi

Nina miaka arobaini na saba, wasomaji wenzangu, na hasira yangu nimeibeba kwa miaka. Mume wangu yupo, ana afya njema, sasa hivi namsikia anakamua ng'ombe huko nyuma. Hakunipiga. Hakuniletea mke mwenza. Alichonifanyia ni kusema neno moja mbele ya watu, basi! Na neno hilo likamharibia mtoto wetu mipango yote ya maisha yake.

Nimeolewa Uru, huku juu ya mji wa Moshi. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwa Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Kaka zake wana maduka Dar es Salaam na Arusha. Yeye akabaki na kihamba, yaani shamba la ukoo, lenye migomba na kahawa aliyoiacha mzee, na bei ya kahawa ilivyoanguka miaka ile ya tisini mnaijua wenyewe. Kwa hiyo nyumba iliendeshwa na mshahara wangu. Mimi halikunisumbua hilo. Lilimsumbua yeye.

Nilikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha mablanketi mjini. Niliingia pale msichana, nikazalia pale watoto watatu. Kisha serikali ikakiuza kiwanda. Mwekezaji akaja, tukaitwa kantini, majina yakaanza kusomwa. Nilipolisikia langu nilipiga kigelegele! Nikamkumbatia shoga yangu Mama Eli, naye alikuwa amesomwa. Tulidhani tumechaguliwa kubaki... Kumbe waliosomwa ndio walioachishwa. Mpaka leo nikikumbuka kile kigelegele natamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa Septemba. Nilipanda nyumbani kwa miguu nikilia, lakini njiani nilijipa moyo. Miaka yote hiyo tulikuwa tunakatwa mshahara kwa ajili ya mfuko wa serikali wa akiba ya wafanyakazi. Mtu akiachishwa kazi anaweza kudai mafao yake, ila masharti yapo. Akae miezi sita bila kazi yoyote, kisha alete barua ya uongozi wa mahali anapoishi, ikithibitisha kwamba kweli miezi hiyo yote hakuwa na kazi. Nikahesabu, Septemba mpaka Machi. Binti yetu mkubwa, Gaude, alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi cha masista, na chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya Pasaka. Fedha ya mafao ingetosha ada. Mungu ni mwema, nikasema, vinakwenda sambamba.

Nyumbani nikamweleza mume wangu yote. Kisha akaniomba kitu ambacho siku ile nilikiona kidogo. Akasema, "Mama Gaude, usiwaambie watu. Subiri Krismasi ipite. Kaka zangu wakipanda wakikuta huna kazi, watanicheka mpaka jino la mwisho."

Nikamwonea huruma. Jamani, mume ni mume! Nikakubali. Na kutoka upande wetu wa mlima nilikuwa peke yangu kwenye kile kiwanda, kwa hiyo hakukuwa na wa kunisema.

Lakini kunyamaza hakukumtosha. Jumatatu asubuhi akaniuliza mbona sijavaa. Nivae nini? Koti la kazi! Lile koti la bluu la kiwandani, nilivae, nishuke mjini kama kawaida, majirani wanione napita. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Basi ikawa kila asubuhi navaa koti, nasalimia watu njiani, nashuka kwa miguu mpaka Rau kwa Mama Eli. Nakaa jikoni kwake, namsaidia kuchambua maharage, tunawasengenya wawekezaji mpaka jioni. Kisha napanda tena mlima, nimechoka kuliko nilivyokuwa nachoka kazini. Mama Eli alinisema sana. Aliniuliza kama mimi na mume wangu tuna akili timamu. Nikamwambia ni mpaka Krismasi tu.

Krismasi ikafika, na kama ilivyo desturi yetu, Wachagga wote duniani wakapanda nyumbani. Kaka zake wakaja na magari. Mbuzi akachinjwa, kisusio, supu yetu ya damu, kikachemka, mbege ya ndizi ikajaa kwenye madumu. Mzee Proti, mwenyekiti wa kitongoji chetu, alikuwa mgeni wa heshima na alikaa karibu na nyama. Mkikumbuka kitu chochote katika mkasa huu, mkumbuke kwamba mwenyekiti alikuwepo.

Mume wangu akasimama na kibuyu mkononi. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wazee, kisha akanishukuru mimi. Akasema, "Mama Gaude huyu mnayemwona, kazini wamempandisha cheo. Sasa ni msimamizi!"

Msimamizi! Watu wakapiga makofi. Shemeji yangu mkubwa akanipa mkono. Mimi nimesimama na sahani za watu, nacheka kama punguani. Ningefanya nini? Ningemwambia mume wangu mwongo mbele ya ukoo mzima? Usiku ule nilimtolea maneno yote niliyokuwa nayo. Akasema nisijali, kaka zake wakishuka atamweleza Mzee Proti taratibu, mwanamume kwa mwanamume.

Januari ikaisha. Hajamweleza. Februari... bado hajapata nafasi. Mara Mzee Proti ana mafua, mara kuna msiba. Na mimi na koti langu la bluu, asubuhi nashuka, jioni napanda.

Machi ilipofika sikusubiri tena. Nikamwendea Mzee Proti mwenyewe, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu kuanzia mwanzo. Akanisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akacheka mpaka akafuta macho.

"Mama Gaude," akasema, "unataka mimi niiibie serikali? Wewe si nakuona kila asubuhi unakwenda kazini? Hicho cheo chako si nimekisherehekea mimi mwenyewe?"

Nikamwonyesha barua ya kiwanda ya kuniachisha. Akaisoma, akanirudishia, akasema barua siku hizi mtu anachapisha popote. Nikaenda kwa afisa mtendaji wa kijiji, akanirudisha kwa Mzee Proti, kwamba yeye hawezi kumruka mwenyekiti. Nikashuka Rau kwa mwenyekiti wa mtaa wa Mama Eli, akasema mimi si mkazi wake. Nikaenda kwenye ofisi ya mfuko, nikapanga foleni asubuhi nzima. Nikamwambia kijana wa dirishani, mwanangu, barua ya kuachishwa si hii hapa, mnataka nini zaidi? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba barua ile inaonyesha nilitoka kiwandani, haionyeshi kama sikupata kazi kwingine. Lete ya uongozi wa kwenu, mama. Anayefuata!

Hivi mnanielewa? Nilipokuwa na kazi hakuna aliyetaka uthibitisho. Sasa sina kazi, na dunia nzima iko tayari kushuhudia kwamba ninayo!

Nikarudi kwa Mzee Proti mara ya pili, na Gaude akiwa nyuma yangu. Safari hii nilimlilia kabisa. Akaona haya kidogo. Akasema sawa, yeye si mtu mbaya, tumuulize mwenye mke. Mume wangu akisema sina kazi, yeye ataandika pale pale na mhuri atagonga.

Tukamfuata mume wangu kilabuni. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wanaume wenzake, mbege mkononi. Mzee Proti akauliza kwa sauti ya kawaida, wala hakuwa na nia mbaya. "Baba Gaude, samahani. Mkeo ana kazi au hana?"

Mume wangu akaniangalia mimi. Akamwangalia Gaude. Alijua chuo, alijua Pasaka, alijua masista walishasema nafasi haitamngoja. Alijua kila kitu! Nikamwomba kwa macho. Nilidhani hata jiwe lingesema.

"Anayo," akasema. "Nani anasema mke wangu hana kazi?"

Na wale wanaume wakacheka, mmoja akanitania kwamba wanawake wa mjini tunapenda hela mpaka za serikali.

Gaude ndiye aliyenishika mkono tukaondoka, na njia nzima hakusema neno. Afadhali angelia.

Usiku mume wangu akaja na maelezo yake. Kwamba nimemvizia mbele ya watu. Kwamba ningemwacha atafute wakati mzuri. Kwamba atasemaje leo hana mke mwenye kazi wakati juzi alimfanya msimamizi? Nilimuuliza swali moja. Heshima yako kilabuni na mtoto wako, kipi kizito? Akageukia ukutani.

Basi nikaamua kujivua nguo mwenyewe. Jumapili ya Matawi baada ya misa kulikuwa na mnada wa kuchangia bati za kanisa letu la kigango. Mnajua minada yetu, mkungu wa ndizi unauzwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu ni wa Mungu. Katekista akainua jogoo, akaanza kutaja wenye uwezo mmoja mmoja. Akafika kwangu. "Mama Gaude msimamizi, tupandishie!"

Nikasimama. Nikasema, "Sina kazi! Niliachishwa tangu Septemba. Hilo koti mnaloliona asubuhi ni la bure, nakwenda kuchambua maharage Rau. Msinitaje tena msimamizi!"

Mungu wangu, kile kimya! Hata jogoo alinyamaza. Kisha minong'ono ikaanza, na mume wangu akapita katikati ya watu akaenda zake nyumbani. Mama mmoja wa jumuiya yetu akanikumbatia. Nikalia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nikajisikia mwepesi.

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mzee Proti. Hakubisha tena. Aliniomba hata radhi, akamwagiza mkewe anipe chai. Akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kizamani, akagonga mhuri. Nikambusu mkono yule mzee! Nikashuka mjini karibu nikimbie.

Kijana wa dirishani akaisoma barua mara mbili. Akaniuliza, "Mama, ulisema uliachishwa Septemba?" Nikasema ndiyo. Akanigeuzia ile karatasi nijisomee.

Mzee Proti alikuwa ameandika kwamba anathibitisha sina kazi kuanzia jana yake, Jumapili ya Matawi, siku aliyolisikia jambo hilo kwa masikio yake.

Nilipanda mlima nikamrudia. Alinisikitikia kweli. Lakini akasema yeye ni mtu mzima na mkatoliki, hawezi kuweka sahihi kwamba mwezi wa kumi na Krismasi sikuwa na kazi, wakati aliniona kwa macho yake nakwenda kazini na akala nyama ya cheo changu. Angalikuwa mwenye mke amesema, sawa. Mwenye mke alisema anayo. Na mwenye mke, baada ya aibu ile ya kanisani, alikuwa amekwenda Kahe kwa shangazi yake "kupumzika".

Miezi sita ikaanza upya, wasomaji wenzangu. Upya!

Gaude hakwenda chuo. Nilikwenda kwa masista kuwapigia magoti, wakasema wanasikitika, nafasi amepewa mwingine. Mafao nilikuja kuyapata mwaka ule ule ukielekea mwisho, yote, bila kasoro. Mwaka uliofuata Gaude akaomba tena, lakini chuo kilikuwa kimepandisha alama za kuingilia na zake hazikufika. Leo anauza kwenye duka la mtu pale Himo. Anapima sukari na mchele kutwa nzima, mtoto aliyekuwa anawafunga wadogo zake bandeji za kanga kila walipojikwaa. Huku nyumbani anapanda mara chache, na akija anakaa jikoni na mimi. Baba yake anamwamkia, anamuuliza kama ana shida ya hela, yamekwisha.

Mume wangu alirudi kutoka Kahe, nikampokea. Msiniulize kwa nini. Mtu wa kulala naye nyumba moja miaka ishirini humtupi kama ganda la ndizi. Lakini hasira ipo, na inaamka na mimi kila asubuhi.

Ndiyo maana nawaandikia. Dada zangu, kaka zangu, siku ukiachishwa kazi usimfiche mtu hata kwa saa moja! Mwambie jirani wa kwanza utakayekutana naye. Mwambie mwenyekiti siku hiyo hiyo, aandike tarehe. Na mwenzako akikuomba umsaidie kutunza heshima yake kwa uongo mdogo tu, mpaka sikukuu ipite, mkatalie hata kama unampenda. Aibu ingekuwa ya wiki moja. Sisi tumeifanya iwe ya mtoto wetu.

Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea Gaude kwa simu ya duka. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama baba ameisikia. Nikasema bado. Akasema, "Msomee na yeye."

Nimemsomea jana jioni, yote, bila kuruka neno. Alikaa muda mrefu ameinamisha kichwa, nikadhani analia. Nikaweka karatasi chini nimsogelee.

Akaniuliza, "Jina langu umelitaja?"

Nikamwambia sijalitaja, na la mtoto nimelibadilisha. Akashusha pumzi, akaomba chai.