Mashine ya Kahawa na Tumbo la Baba Oliva

Kitangari nzima ilikuwa ikisema kwamba kahawa ya kutwanga kwenye kinu inatoboa tumbo. Nani aliyeanza, hakuna aliyejua. Mama Oliva aliyasikia maneno hayo bombani, akarudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Asiogope vipi? Kila asubuhi, baada ya kikombe chake, Baba Oliva alikunja uso na kushika tumbo. Na kahawa hiyo ilitwangwa na binti yao Oliva, wa darasa la sita.

Basi Sadallah, muuza vyombo kutoka Newala, alipopita na mashine ya umeme ya kusagia kahawa, Mama Oliva aliitamani papo hapo. Bei yake laki tatu. Fedha hizo walikuwa wameziweka za kununulia tangi la maji ya mvua, waachane na foleni ya bomba.

"Ijaribu siku tatu, mama," Sadallah alisema. "Ukiridhika, utanilipa."

Asubuhi mbili zilizofuata, Mama Oliva alipotua ndoo tu alimuuliza mumewe, "Tumbo vipi?"

"Limetulia kabisa."

"Si nilisema! Ni kinu kile!"

Siku ya tatu Sadallah akarudi, akamkuta na Baba Oliva nyumbani. Mama Oliva alifungua fundo la khanga, akatoa fedha.

"Mama, usimpe!" Oliva alisema.

"Wewe! Mgeni umemwamkia?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti," Sadallah aliitikia.

Machozi yakamlenga Oliva. "Mama, mashine haijasaga kahawa hata punje. Siku ile ilipoletwa nilitia korosho, nipate unga wa kuungia kisamvu. Ikanguruma, ikanyamaza. Nikaogopa. Kahawa ya baba nilisubiri uende bombani, ndipo nikaitwanga kwenye kinu."

Sadallah alifungua kifuniko. Korosho zilikuwa zimeganda humo kama uji mzito wa mafuta. Akacheka. "Binti, mashine umeipaka mafuta kama mwali!"

"Sasa tumbo lilitulizwa na nini?" Mama Oliva aliuliza, sauti imemshuka.

Baba Oliva alifikiri kidogo. "Kahawa ilichelewa. Nikawa naisubiri huku nakula mihogo. Siku zote nainywa kabla sijatia kitu tumboni."

"Mama Oliva, sitakudanganya," Sadallah alisema. "Mgahawa unaosaga kutwa nzima, mashine hii inaufaa. Kwa vikombe viwili vya nyumbani, kinu kinatosha."

Mama Oliva alifunga tena fundo lake, akamshika binti yake bega. "Umekosea kuficha, na hiyo mashine utaisafisha wewe mpaka ing'ae, ndipo mwenyewe aichukue. Lakini ungenyamaza leo, fedha ya maji ingekwenda bure. Nami nimekosea, nimekimbilia maneno ya watu. Lete daftari uandike, na wenzako wasome:

Usinunue kitu kwa maneno ya bombani.

Usinywe kahawa na njaa. Tumbo likizidi kuuma, usikae nyumbani ukibahatisha, nenda zahanati.

Usitie korosho wala karanga kwenye mashine ya kahawa.

Usinunue chombo cha mgahawa kwa vikombe viwili.

Ukiharibu kitu, usifiche. Sema siku hiyohiyo."