Ukurasa Mweupe wa Shamis

Kila asubuhi Shamis humpikia mama yake anjera, kisha huenda darasa la kompyuta hapa kambini Dagahaley. Mwezi mmoja alitengeneza ukurasa wa mtandao wa kuonyesha siku za chanjo. Mama yake alimsifia mtaa mzima.

Siku ya kuuzindua, akina mama walijaa kwenye mikeka ya zahanati. Shamis akaufungua kwa simu ya muuguzi. Mweupe pe! Akabonyeza tena. Mweupe.

"Ni mtandao," alisema.

Alijua anadanganya. Kurasa nyingine zilifunguka kwenye simu ileile. Watu wakacheka. Mama yake akainamisha uso, na hilo ndilo lililomchoma Shamis.

Siku mbili hakutoka nje. Ndipo akaja Deka, jirani aliyewahi kutengeneza tovuti mjini Garissa.

"Abaayo, dada yangu, lete kompyuta."

Akasoma, akaguna. "Umeandika JSX. Hii hapa: `<h1>Chanjo</h1>`. Inafanana na HTML, lugha ya kupanga kurasa, lakini iko ndani ya JavaScript, lugha ya kuziamuru. Kivinjari cha simu hakiijui. Kikikuta alama ya `<` mahali hapo, kinakwama."

"Mbona darasani ilifunguka?"

"Darasani kuna programu iliyokuwa inakugeuzia kimyakimya. Wewe ukapandisha mtandaoni faili ambazo hazijageuzwa."

"Zinageuzwa kuwa nini?"

Deka akaandika:

`React.createElement("h1", null, "Chanjo")`

"Hii ni JavaScript ya kawaida. Kwanza jina la kitu, kisha sifa zake. Hapa hakuna sifa, ndiyo maana ya `null`. Mwisho, maneno ya ndani. Kivinjari kinaelewa."

Shamis akatoa amri ya kugeuza. Folda mpya ikatokea. Akapandisha hiyo, akajaribu kwa simu tatu. Zote zikafunguka.

"Sasa nenda zahanati," Deka akasema.

"Naona haya, wallahi."

"Nenda na haya yako."

Akaenda. Akasimama mbele ya akina mama waliokaa kwenye mikeka ya zahanati.

"Juzi nilisema ni mtandao. Nilidanganya. Kosa lilikuwa langu. Sikuigeuza kazi yangu kabla ya kuileta."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha Fowsiya, mwenye mtoto wa miezi tisa, akainua simu yake.

"Mtoto wangu ni wa chanjo ya surua. Imeandikwa Alhamisi. Ni kweli?"

"Ni kweli, eeddo, shangazi yangu."

Alhamisi foleni ilifika hadi langoni, na Fowsiya alikuwa wa kwanza.